Si kila ‘dottore’ ni daktari: uzamivu wa sayansi ya siasa Italia na fumbo la neno ‘kimataifa’

Ukishuka kituo cha treni cha Napoli umevaa koti la heshima, kijana anayeelekeza magari mahali pa kuegesha anaweza kukuita “dottò”. Hajaona cheti chako wala hana haja nacho. Ni heshima tu, kama sisi tunavyomwita “bosi” au “mheshimiwa” mtu yeyote aliyenyoosha shati. Tabu huanza neno hilo linapopanda ndege. Mtu anarudi Dar es Salaam au Mombasa na karatasi iliyoandikwa “Dottore in Scienze Politiche”, ndugu wanaanza kumwita Dkt., na haipiti muda mabishano yanaanza mtandaoni: huyu ana PhD au anatufanya wajinga?

Mara nyingi hadanganyi, na PhD hana. Kanuni za Italia za mwaka 2004 zinampa jina la “dottore” kila aliyemaliza shahada ya kwanza, yaani “laurea” ya miaka 3. Akiongeza miaka 2 ya uzamili anakuwa “dottore magistrale”. Mwenye uzamivu, ile tunayoiita PhD, huitwa “dottore di ricerca”, daktari wa utafiti. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 aliyetoka kwenye mahafali jana akiwa na taji la majani kichwani ni dottore halali kabisa, na angeulizwa kama ana udaktari angecheka.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu mambo mengi ya uzamivu wa Italia yako hivyo: neno ni lilelile unalolijua, ila ndani mna kitu kingine. Hapa nitashughulika na sayansi ya siasa, kwa kuwa ndiyo fani ambayo matangazo yake ya nafasi hupambwa zaidi kwa neno “kimataifa”, na ndiyo inayowavuta vijana wetu wenye uzamili wa siasa, diplomasia au utawala wa umma.

Chuo kikongwe, uzamivu mchanga

Chuo Kikuu cha Bologna hujihesabia umri tangu mwaka 1088. Ungetarajia basi kwamba Waitalia wametoa uzamivu tangu enzi za mababu. La. Uzamivu wa utafiti, “dottorato di ricerca”, uliwekwa na sheria mwaka 1980. Kabla ya hapo laurea ndiyo iliyokuwa shahada ya juu kwa karibu kila mtu. Aliyetaka kuwa mwanazuoni alijishikiza kwa profesa kama mwanagenzi anavyojishikiza kwa fundi seremala: anamwandalia mihadhara, anasahihisha mitihani, anasubiri siku ya kupewa chombo chake. Ndiyo maana ukisoma wasifu wa Giovanni Sartori, aliyezaliwa Firenze mwaka 1924 na kuwa mmoja wa wanasayansi wa siasa waliosomwa sana katika karne ya 20, hutakuta uzamivu wa Italia. Haukuwapo.

Tangu kuanzishwa, kila kundi la wanafunzi wa uzamivu huitwa “ciclo”, mzunguko, na huhesabiwa kwa namba za Kirumi. Mzunguko wa XL, yaani wa 40, ulianza msimu wa vuli wa 2024. Ukiona tangazo limeandikwa “XLI ciclo” usidhani ni kosa la chapa. Ni kundi la 2025.

Muda wa kawaida ni miaka 3. Mwaka wa kwanza katika programu nyingi za sayansi ya siasa una masomo ya darasani: mbinu za utafiti, takwimu, nadharia, namna ya kulinganisha nchi na nchi. Kisha mwanafunzi anazama kwenye tasnifu. (Kiswahili kimetusaidia hapa: uzamivu unatoka kwenye kuzama, na mpiga mbizi anajua kwamba anayezama bila kujua kina hurudi na matope.) Tasnifu ikikamilika inapelekwa kwa wasomaji wawili wa nje ya chuo, ambao wanaweza kuiruhusu iendelee au kuirudisha ikarekebishwe kwa muda usiozidi miezi 6. Baadaye ndipo panakuwa na utetezi mbele ya jopo.

Mwanafunzi huyo ni nani kisheria? Uholanzi, kwa mfano, wengi wa wanaofanya uzamivu ni waajiriwa wa chuo, wana mkataba na mshahara. Italia ni mwanafunzi anayepewa posho. Tangu Julai 2022 kiwango cha chini cha posho hiyo ni euro 16,243 kwa mwaka kabla ya makato. Mkononi hubaki karibu euro 1,200 kwa mwezi. Katika mji mdogo wa Siena unaweza kuishi kwa adabu. Milano chumba kimoja tu humeza nusu yake.

Halafu kuna jambo linaloumiza watu wengi: nafasi “senza borsa”, yaani zisizo na posho. Tangazo moja linaweza kuwa na nafasi zenye fedha na nafasi kavu pamoja. Aliyepata nafasi kavu amekubaliwa kihalali, na tangu sheria ya bajeti iliyopitishwa mwishoni mwa 2016 halipi ada ya chuo. Lakini ni kama abiria aliyeruhusiwa kupanda daladala akasimama mlangoni: safari ni ileile, mikono ndiyo itakayojua tofauti. Anayekuambia “nimepata PhD Italia” muulize kwanza amekaa au amesimama.

Sinia na chakula kilichomo

Sasa tuingie kwenye fani yenyewe, na hapa Kiitaliano kinatutega kwa herufi chache tu. “Scienze politiche”, kwa wingi, ni jina la idara au shahada ambamo mna sheria ya katiba, historia, uchumi, sosholojia, falsafa, lugha, na pia siasa. “Scienza politica”, kwa umoja, ni taaluma moja: utafiti wa vyama, chaguzi, mabunge, serikali, sera, harakati za wananchi, uhusiano wa mataifa. Ya kwanza ni sinia, ya pili ni chakula kimoja ndani ya sinia. Mtu anaweza kusoma “scienze politiche” miaka 5 na akatoka akiwa mwanahistoria mzuri asiyewahi kufanya uchambuzi hata mmoja wa kura.

Mchanganyiko huo una historia. Shule ya Cesare Alfieri ya Firenze ilianzishwa mwaka 1875 kuwaandaa watumishi wa dola, na mtumishi wa dola alihitaji kujua kila kitu kidogokidogo. Gaetano Mosca, ambaye kitabu chake cha 1896 kilibeba jina la “sayansi ya siasa” waziwazi, alikuwa mwanasheria kwa mafunzo. Sayansi ya siasa kama taaluma inayojitegemea ilisubiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Sartori ndiye aliyeipigania pale Firenze, akianzisha mwaka 1971 jarida la Rivista Italiana di Scienza Politica. Miaka michache baadaye akaenda kufundisha Marekani, Stanford kisha Columbia.

Kwa nini haya yamhusu mtu anayetafuta nafasi ya uzamivu leo? Kwa sababu Italia imeugawa usomi wake katika visanduku. Kila mhadhiri ni wa kisanduku kimoja chenye msimbo wake. Kwa miaka mingi sayansi ya siasa iliitwa SPS/04, falsafa ya siasa SPS/01, historia ya uhusiano wa kimataifa SPS/06, na hata historia na taasisi za Afrika ikawa na chake, SPS/13. Mwaka 2024 misimbo ilibadilishwa, mantiki ikabaki. Kisanduku ndicho kinachoamua nani atakusahihisha, utachapisha katika majarida gani, na siku moja utaomba kazi wapi. Programu inaweza kuitwa “Siasa” huku maprofesa wengi wakiwa wanahistoria na wanasheria. Si kosa lao, ila ni juu yako kujua.

Kanuni za 2021 zinataka kila programu ya uzamivu iwe na “collegio”, baraza la walimu wasiopungua 12, na ipitiwe na ANVUR, wakala wa kitaifa wa kutathmini vyuo, kabla ya kuidhinishwa. Chuo chenye wanasayansi wa siasa wanne kitafanya nini? Ama kitawaalika majirani wa visanduku vingine, ama kitaungana na vyuo vingine. Njia hii ya pili ni kama chama cha ushirika wa kahawa: mkulima mmoja hana magunia ya kujaza lori, wakiwa kumi lori linaondoka. Mfano unaojulikana ni NASP, mtandao wenye makao yake Chuo Kikuu cha Milano, ambao huendesha programu ya uzamivu wa siasa pamoja na vyuo vingine. Kanuni hizohizo za 2021 zilifungua pia mlango wa “uzamivu wa maslahi ya taifa”, ambapo vyuo vingi vya nchi nzima huchangia programu moja. La Sapienza ya Roma inaongoza mmoja wa aina hiyo kuhusu masomo ya amani.

Nje ya ushirika huu kuna nyumba tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Taasisi ya Vyuo Vikuu ya Ulaya, EUI, iliyoko Fiesole kwenye vilima vya Firenze. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1972 na nchi sita zilizounda Jumuiya ya Ulaya, ikafunguliwa 1976. Iko kwenye ardhi ya Italia lakini si chuo cha Italia. Ni chombo cha serikali za nchi, kama ofisi ya kimataifa iliyoko Nairobi isivyokuwa wizara ya Kenya. Uzamivu wake ni wa miaka 4, na ufadhili hutolewa kwa sehemu kubwa na kila nchi mwanachama kwa raia wake. Mwombaji wa nchi isiyo mwanachama hana budi kuangalia kwanza kama kuna fungu linalomhusu. Ya pili ni Scuola Normale Superiore, iliyoanzishwa Pisa mwaka 1810 kwa amri ya Napoleon. Hii ni ya Italia kabisa, ila kitivo chake cha sayansi za siasa na jamii kiko Firenze, Palazzo Strozzi. Aliyekijenga jina, Donatella della Porta, mtafiti mkubwa wa harakati za kijamii, alipata uzamivu wake EUI, kwa hiyo utaona hata nyumba hizi mbili zina undugu. Ya tatu ni tawi la chuo cha Johns Hopkins lililoko Bologna tangu 1955, ambalo ni la Kimarekani mwanzo mwisho. Mtu aliyesoma pale amesoma Bologna mji, si Bologna chuo.

Kimataifa kwa nani?

Haya, lile neno. Programu inapojiita ya kimataifa inaweza kuwa na maana ya lugha, au ya watu, au ya safari, au ya mahali wanapochapisha. Mambo haya hayaendi pamoja kila mara. Kuna programu inayofundisha kwa Kiingereza darasa la Waitalia watupu. Kuna nyingine yenye wanafunzi wa mabara matatu wanaokutana ukumbini na mhadhiri anayerudi kwenye Kiitaliano kila akichoka.

Lugha ndiyo iliyozua kelele nyingi. Mwaka 2012 Politecnico di Milano, chuo cha uhandisi na usanifu, kiliamua kwamba kuanzia 2014 uzamili wote na uzamivu wote vifundishwe kwa Kiingereza pekee. Walimu wake kwa makumi wakaenda mahakamani. Mahakama ya utawala ya Lombardia ikaitengua amri hiyo 2013, chuo kikakata rufaa, na jambo likafika Mahakama ya Katiba. Hukumu namba 42 ya 2017 ilisema, kwa kifupi, kwamba vyuo vinaweza kuwa na kozi za Kiingereza sambamba na za Kiitaliano, na vinaweza kuwa na masomo kadhaa ya Kiingereza, lakini haviwezi kuifukuza lugha ya taifa kutoka katika ngazi nzima ya elimu. Baraza la Dola, mahakama ya juu ya utawala, likalifunga suala hilo mwanzoni mwa 2018.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua hoja hii upesi. Sisi tumebishana miaka nenda rudi kuhusu Kiswahili na Kiingereza kwenye sekondari, kila upande na hofu zake. Ninachoona cha kuvutia ni kwamba Waitalia, wenye lugha iliyoandikiwa mashairi na sheria kwa karne nyingi, nao waliogopa ndani ya nyumba yao wenyewe. Kwa hiyo usiamini anayesema “Italia imehamia Kiingereza”, wala anayesema “bila Kiitaliano hupati kitu”. Programu moja moja ndiyo inayoamua, na katika sayansi ya siasa nyingi zilizoungana au zilizo katika shule kubwa huendeshwa kwa Kiingereza, huku katika sheria na historia, hapo jirani kwenye sinia lilelile, Kiitaliano kikibaki na nguvu.

Kwa nini siasa ilitangulia? Sababu kubwa iko ndani ya taaluma: kazi yake ni kulinganisha. Ukitafiti vyama vya Italia peke yake, mwenzako wa Oslo atakuuliza vinatofautianaje na vya kwao, na jibu lazima mlisome wote wawili. Mwanasheria anayefasiri kanuni ya ardhi ya Toscana hana msomaji Oslo. Kisha kulikuwa na EUI kilimani, ikitoa mwaka baada ya mwaka wazamivu waliozoea kuandika kwa Kiingereza, baadhi yao wakaingia kufundisha katika vyuo vya Italia. Hata lile jarida la Sartori, katika muongo wa 2010, lilihamia Kiingereza na sasa huchapishwa na Cambridge University Press. Jina la Kiitaliano limebaki pembeni ya jina jipya.

Upande wa safari una fedha zake. Mwanafunzi anapokwenda kutafiti nje, posho inaweza kuongezwa hadi asilimia 50 kwa muda usiozidi miezi 12, na miezi 18 kama yuko kwenye “cotutela”. Cotutela ni makubaliano ya vyuo viwili kumlea mwanafunzi mmoja: wasimamizi wawili, tasnifu moja, na mwisho shahada inayotambuliwa kwenye nyumba zote mbili. Anayeipata hufurahia matunda, lakini makaratasi yake ni kama posa ya koo mbili zinazojadiliana kupitia wajumbe. Kila sentensi husomwa mara tatu.

Kitu kinachochanganywa na cotutela ni “Doctor Europaeus”. Hiyo si shahada ya pili, ni muhuri unaoongezwa kwenye ile moja. Ili kuupata, mwanafunzi awe amekaa walau miezi 3 akitafiti katika nchi nyingine ya Ulaya, tasnifu yake isomwe na maprofesa wa nchi mbili nyingine za Ulaya, jopo la utetezi liwe na mgeni, na sehemu ya utetezi ifanywe kwa lugha ya Ulaya isiyo ya nchi hiyo. Gharama yake ni kupanga mapema tu, na nashangaa ni wangapi huukosa kwa sababu hawakuambiwa mwaka wa pili.

Kuanzia 2022 likaja wimbi la fedha za Umoja wa Ulaya za kujikwamua baada ya UVIKO. Amri za wizara za mwaka huo, namba 351 na 352, na zilizofuata 2023 na 2024, zilimwaga posho nyingi za ziada za uzamivu. Wanasiasa wakajipongeza, wakuu wa idara wakatabasamu. Lakini posho hizo zilikuja na masharti: mada maalumu, kwa mfano utawala wa umma au mageuzi ya kidijitali; miezi ya kukaa ndani ya kampuni, ofisi ya serikali au kituo cha utafiti; na kwa zile za amri 351, walau miezi 6 nje ya Italia. Ukimataifa hapo ulikuwa sharti la fedha kabla ya kuwa chaguo la mtafiti. Mwanafunzi aliyetaka kuchunguza mabaraza ya vitongoji vya Palermo alilazimika kutafuta sababu ya kwenda Brussels nusu mwaka. Wengine walirudi na sura bora kabisa ya tasnifu. Wengine walirudi na picha. Na kwa kuwa mpango wenyewe ulipewa kikomo cha 2026, idadi za miaka hiyo hazifai kuchukuliwa kuwa ndiyo kawaida.

Upande wa ajira ndio unaosahauliwa. Mtu amesoma kwa Kiingereza, ametafiti Berlin, amechapisha majarida ya nje, sasa anataka kufundisha Italia. Anakuta mlango una kufuli la kitaifa: “abilitazione scientifica nazionale”, kibali cha kisomi kilichowekwa na sheria ya 2010 kwa anayetaka kuwa profesa. Katika siasa na jamii kibali hicho hakihesabu ni mara ngapi umenukuliwa, kama ilivyo kwa fizikia. Kinahesabu makala na sura za vitabu, makala katika majarida ya “daraja A” yaliyoorodheshwa na ANVUR, na vitabu. Orodha hiyo ina majarida ya Italia na ya nje, na ni kwa kisanduku. Makala nzuri iliyochapishwa nje ya orodha ya kisanduku chako ni kama noti ya nchi jirani kwenye duka la kijijini: thamani ipo, chenji hakuna.

Tena kuna ule msemo kwamba Italia kazi ni za “mabaroni”, yaani maprofesa wakubwa wanaogawa vyeo kwa watu wao. Sitasema ni uzushi. Neno hilo Waitalia wenyewe ndio walioliunda, na sheria ya 2010 haingetaka walau sehemu moja ya tano ya nafasi itengwe kwa watu wa nje ya chuo kama kila mtu wa nje angekuwa anapenya bila msaada. Lakini kulihamisha lawama hilo zima mpaka kwenye uzamivu ni kukosea. Kuingia uzamivu kuna ushindani wa wazi wenye jopo, alama na orodha inayobandikwa. Penye ugumu mkubwa ni baadaye, kati ya tasnifu na kazi ya kudumu, kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja iliyoitwa “assegni di ricerca”, ambayo mageuzi ya 2022 yalikusudia kuibadilisha kwa mikataba bora. Ndiyo maana Waitalia husema kuhusu “fuga dei cervelli”, kukimbia kwa bongo, na serikali ikaanzisha mwaka 2009 mpango wenye jina la Rita Levi Montalcini wa kuwarudisha watafiti vijana walioko nje. Nchi inafundisha kwa fedha yake, kisha inalipa tena kuwaita nyumbani.

Ukitaka kuomba kutoka huku kwetu

Tuseme dada mmoja ana uzamili wa sayansi ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kosa la kwanza analoweza kufanya ni kuiga njia ya Uingereza: kumwandikia profesa, kujibiwa “mada yako inavutia”, na kuanza kuaga. Italia profesa mmoja hakupi nafasi. Nafasi hutangazwa kwa “bando”, tangazo rasmi la ushindani, mara nyingi kati ya Aprili na Agosti, na masomo huanza kwa kawaida Novemba. Jopo linapima vyeti, andiko la utafiti na usaili, ambao kwa walio mbali mara nyingi hufanyika kwa video. Msimamizi hupangwa na baraza baada ya kufaulu. Barua ya profesa mwema inasaidia kujua kama mada yako ina mwenyewe pale chuoni, basi.

Shahada za nje hukubaliwa ikiwa zinalingana na uzamili wa Italia, na kwa ajili ya kuingia tu, programu yenyewe ndiyo inayoamua ulinganifu huo. Itaomba hati ya kuthibitisha: ama tamko la ubalozi liitwalo “dichiarazione di valore”, ama hati ya CIMEA, kituo cha Italia cha kulinganisha vyeti. Hizo hazipatikani kwa wiki moja. Baada ya kushinda kuna usajili kwenye tovuti ya Universitaly na viza ya masomo, na ukifika Italia una siku 8 za kazi kuomba kibali cha ukaazi kupitia posta. Ndiyo, posta, utasimama kwenye foleni na bahasha kubwa mkononi pamoja na bibi aliyekuja kuchukua pensheni.

Mada nayo. Wengi wetu hudhani tukienda Italia lazima tuandike kuhusu Italia, au kinyume chake, kwamba mada ya Tanzania itapokelewa popote kwa sababu programu ni ya “kimataifa”. Rudi kwenye visanduku. Tasnifu juu ya uchaguzi wa Zanzibar itapata msomaji mzuri kwa mlinganishaji wa chaguzi, au kwa mtu wa historia na taasisi za Afrika, na hao huenda wasiwe kwenye baraza moja. Chuo cha L'Orientale cha Napoli, ambacho mizizi yake ni chuo cha Wachina kilichoanzishwa mwaka 1732, kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi. Hapo ndipo alipofundisha Elena Bertoncini Zúbková, aliyewafungulia Wazungu wengi fasihi ya Kiswahili. Mwenye mada inayohitaji msimamizi anayesoma magazeti yetu bila mkalimani angeanza kutazama huko kabla ya kuvutwa na jina kubwa la Milano.

Na siku ya kurudi, mtu wa ofisi ya kutambua vyeti, awe wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au wa mamlaka ya Kenya, ataomba matokeo yenye alama. Uzamivu wa Italia kwa kawaida hauna alama ya mwisho. Jopo huandika maoni, huipitisha tasnifu au huikataa, na likikubaliana kwa kauli moja linaweza kuongeza neno “lode”, sifa. Kwa hiyo kabla ya kufunga begi, omba chuoni hati inayoeleza mfumo huo, itafsiriwe na kugongwa mhuri, na uhakikishe kwamba baada ya neno “dottore” yamefuata yale maneno mengine mawili: “di ricerca”.